Nyimbo mbili za Okot ndani ya unipoti

Kwa asiyeijua unipoti: ni nyumba ya bati ya mviringo, paa lake limechongoka kama kofia, na ndani yake wamelala askari polisi na magereza wa Uganda kwa vizazi kadhaa. Jua likiwaka inageuka tanuri. Mvua ikinyesha husikii hata redio uliyoiweka sikioni. Nilizaliwa ndani ya moja, baba akiwa polisi, na nimelala ndani ya nyingine miaka mingi, mimi mwenyewe nikiwa askari magereza. Kiswahili changu kimetoka humo. Kambini mtoto wa Mlugbara, wa Mteso na wa Mnyankole waligombania mpira mmoja, na lugha ya kugombania ilikuwa moja tu. Nje ya uzio watu walituogopa kwa lugha hiyo hiyo, maana waliizoea ikitoka kwa mwenye bunduki.

Mwaka 2019 nilihamishiwa gereza moja la magharibi. Mke wangu akabaki kwao, upande wa Kitgum, pamoja na watoto wetu wawili, kwa sababu ya shule na shamba la simsim. Mimi ni mtu wa Koboko, yeye ni Mwacholi. Kikakwa changu yeye hakijui, na Kiacholi changu mimi ni cha kununulia mboga sokoni. Ndoa yetu inaongea Kiswahili.

Huko magharibi nilikuwa mpweke, na sitaki kulipamba neno hilo. Mchana kutwa nilizungukwa na watu mamia, wengine wakiniita afande kila nilipogeuka. Jioni nikishafunga mlango wa unipoti, basi. Nalala chali, natazama misumari ya paa, najihurumia. Kujihurumia nako kuna utamu wake, usidanganywe.

Mkuu wetu wa gereza aligundua kwamba nimemaliza sinia siksi, yaani kidato cha sita, na fasihi nilifaulu, akanipa darasa. Wafungwa kumi na mmoja walikuwa wakijiandaa kwa mtihani, siku mbili kwa wiki, kwenye chumba chenye mabenchi matatu na ubao uliopasuka pembeni. Vitabu tulivyokuwa navyo vya mashairi vilikuwa viwili, nakala moja moja, vyote vya Okot p'Bitek, mshairi wetu Mwacholi. Kimoja Wimbo wa Lawino, kisicho na jalada. Kingine kile chenye nyimbo mbili ndani, ya Mfungwa na ya Malaya. Ya Malaya niliiruka. Darasa la wanaume kumi na mmoja waliofungiwa, na mimi peke yangu na kirungu: ningefundishaje?

Tulianza na Lawino, na tulicheka wiki mbili nzima. Kama hujausoma, ni wimbo wa mwanamke wa Kiacholi ambaye mume wake, Ocol, amesoma akarudi akimwona mshamba. Ocol amechukua mwanamke mwingine, Clementine, anayejipaka midomo rangi nyekundu na poda usoni, na Lawino anamchambua bila huruma. Anasema midomo ile ni kama ya paka wa porini aliyetumbukiza mdomo kwenye damu. Hapo mtu mmoja wa benchi la nyuma alicheka hadi askari wa zamu akaja kuchungulia dirishani. Walikisoma kile kipande mara tatu. Kila mmoja alikuwa na Clementine wake wa kusimulia, na wawili nadhani waliongeza chumvi.

Kisha tukaingia kwa Mfungwa, kicheko kikaisha.

Wimbo wa Mfungwa unaanza sakafuni. Mtu ameshapigwa, ametupwa ndani, na sakafu ya mawe inainua mikono yake yenye nguvu kumkaribisha kwa kumbatio la baridi, naye amekaa juu ya kitovu chake. Nilisoma mstari huo kwa Kiingereza, nikaufasiri kwa Kiswahili kwa ajili ya wale ambao Kiingereza chao kilikuwa kizito. Katikiro wa wadi alikuwa darasani. Kwetu katikiro ni mfungwa anayewaongoza wenzake, cheo kilichoazimwa kwenye ufalme wa Buganda bila ruhusa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mikono nyuma muda wote.

"Afande," akasema, "sakafu haikumbatii. Inaanza na nyonga. Ukilala ubavu, saruji inakula nyonga kwanza, halafu bega. Kumbatio ni baadaye, ukishazoea. Huyu aliyeandika alilala siku ya kwanza tu."

Sikujua nijibu nini. Nimefunga milango ya wadi miaka mingi, na nyonga sikuwahi kuifikiria.

Mfungwa wa Okot ameshtakiwa uzururaji. Darasani kosa hilo halikuhitaji maelezo. Wawili waliwahi kulala lokapu kwa jambo hilo hilo, enzi zile ambapo vifungu vya sheria ya uzururaji vilikuwa bado vinauma, kabla Mahakama ya Katiba haijafuta baadhi yake Desemba 2022. Anaulizwa akiri au akane, naye anajibu kwamba anakiri woga, anakiri unyonge. Anawasikia watoto wake wakilia njaa nyumbani. Anamwona Mkubwa akiwa na mke wake. Anawalaumu hata baba na mama yake kwa kuoana. Mara ni mzururaji maskini, mara anaongea kama aliyemuua mtu mzito wa serikali na anajivunia. Wahakiki wengine wanasema humo kuna wasemaji zaidi ya mmoja. Mimi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ni kasoro ya mshairi, ameshindwa kumshika mtu wake.

Wakanikatalia karibu wote kwa pamoja. Mmoja, kijana aliyekuwa na mwaka wa pili rimandi, alinieleza polepole kama anayemweleza mtoto. Ukikaa muda mrefu unangoja kesi isiyoitwa, alisema, usiku unaanza kujizoeza majibu. Unajizoeza kukana. Ukichoka kukana unajizoeza kukiri, uone itakuwaje. Unakiri hata mambo ambayo hukuyafanya, na mengine makubwa makubwa, kwa sababu angalau mtu aliyefanya jambo kubwa ana jina. "Asubuhi hujui tena ni yupi kati ya wale wote."

Niliifuta ile kasoro ubaoni.

Jumatano moja nikapiga mstari katikati ya ubao kwa ajili ya kulinganisha, maana mtihani unapenda kulinganisha. Kushoto nikaandika Lawino, kulia Mfungwa. Chini ya Lawino nikaandika: ugomvi, mila, wivu. Chini ya Mfungwa: upweke. Nilieleza kwa kujiamini kabisa. Mfungwa hana jina, hana ukoo unaotajwa, nchi yake haisemwi. Lawino ana jina, na jina lake lilivuma kama baragumu kati ya Wapayira, ukoo wa Waacholi. Alikuwa kiongozi wa wasichana wenzake. Lawino ana mama, ana ndugu, ana watu wa ukoo ambao anawaita kila baada ya mistari michache wamsikilize. Mfungwa ana kuta nne. Nani mpweke hapo? Nilikuwa nimeshafunga hoja.

Kijana wa rimandi akanyosha mkono.

"Afande, Ocol anamjibu lini?"

Nikamwambia kuna wimbo mwingine, Wimbo wa Ocol, mshairi aliuandika baadaye.

"Ndani ya huu je?"

Nikafungua kitabu, ingawa jibu nililijua. Wimbo una sehemu kumi na tatu. Lawino anaongea tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho. Matusi ya Ocol tunayasikia kupitia mdomo wa Lawino. Ukoo wake anaouita, hakuna hata mmoja anayesema "ndiyo, mwanetu". Nikamwambia hajibiwi.

"Basi na yeye yuko rimandi," akasema, akaketi.

Nimesoma makala za wasomi kuhusu Lawino. Nyingi zinazungumzia mila na usasa, Afrika na Ulaya, na kuhusu ule msemo wa shina la boga kwenye boma la zamani ambalo halifai kung'olewa. Ni msemo mzuri na una akili: boga kwa Waacholi linaota lenyewe na halimdai mtu kitu, hata ukihamia boma jipya hakuna sababu ya kuling'oa, ni uharibifu tu. Lakini sikuwa nimekutana na aliyesema jambo hili la kijana wa rimandi, au labda alisema nami nikapita. Nilisoma upya sehemu ya kumi na mbili usiku ule kwa mwanga wa simu. Lawino anaiita nyumba ya mumewe msitu wa giza wa vitabu. Mtu yumo mle ndani. Yupo, anapumua, anasoma. Lawino yuko mlangoni anaongea na mgongo.

Mfungwa anaongea na waliokufa, walio mbali na walinzi waliompiga, na anajua wazi kwamba hawatamjibu. Lawino anaongea na mtu aliye chumba cha pili.

Simu ile ile niliyokuwa nasomea ilikuwa na missed calls nne kutoka kwa mama watoto.

Hapa ndipo inanibidi niseme jambo ambalo nilikuwa nalizunguka tangu mwanzo. Nilikuwa nimejijengea mazoea ya kutopokea. Simu za nyumbani zilikuwa na mambo yale yale: ada ya shule, bati lililong'oka jikoni, mbuzi aliyeingia shamba la jirani na jirani anataka fidia. Nikiiona inaita, moyo unachoka. Nangoja iishe, halafu naandika ujumbe: "Niko zamu, nitapiga." Mara nyingine nilikuwa zamu kweli. Mara nyingi nilikuwa nimelala chali natazama misumari ya paa, naona uchungu kwamba sina mtu wa kuongea naye.

Usiku ule pia sikupiga. Ningependa kuandika kwamba nilipiga. Niliona aibu, na mwenye aibu hapigi simu.

Okot mwenyewe alipitia pande zote mbili, kwa namna yake. Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya mpira, akaenda nayo Uingereza mwaka 1956, timu ikarudi yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, halafu Oxford anthropolojia. Ndiye aliyekuwa Ocol, ukitaka kusema hivyo. Vitabu alikuwa navyo. Lawino alimtunga kwanza kwa Kiacholi, katikati ya watu wake, halafu akamhamishia Kiingereza kitabu kikatoka Nairobi mwaka 1966. Pale mbele ya kitabu aliungama kwamba kwa kutafsiri amepunguza mabawa ya tai, ametia kutu upanga wa shujaa na ameua mapigo na vina. Baadaye akawa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni na Jumba la Taifa la Maonyesho, Kampala, akapoteza kazi hiyo kwa kuisema serikali vibaya akiwa nje ya nchi, akaishia kuishi Kenya miaka mingi. Mfungwa alitoka huko, mwaka 1971, na kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Huyu hakuanzia Kiacholi. Aliandikwa moja kwa moja kwa Kiingereza. Hakuna tai wa kukatwa mabawa, maana hakuna nyumbani alikotoka. Mimi naona ndiyo sababu mistari yake ni mifupi, mikavu, inagonga kama mtu anayegonga mlango wa chuma kwa kijiko. Okot alirudi Makerere mwaka 1982, akafa Julai mwaka huo huo, hajafika miaka 52.

Likizo yangu ilikuja Desemba. Niliomba kile kitabu kisicho na jalada pamoja na kile kingine, nikasaini daftari, nikapanda basi hadi Kampala, halafu la usiku kwenda Kitgum. Kutoka stendi ni boda boda mpaka nyumbani. Mke wangu, Mama Sunday, alinipokea vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Alipiga magoti akanipa maji ya kunawa, akaniuliza safari, akaniuliza afya. Kama mgeni.

Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya jiko anasaga simsim. Kuna mashine kituoni, lakini yeye ile ya kutia kwenye malakwang, mboga ya majani machachu, haipeleki mashine, anasema mashine inaichoma. Jiwe lake ni la bibi yake. Katikati limelika likafanya bonde, na Lawino ana sehemu nzima kuhusu mambo hayo, anasema jiwe mama lina tumbo lenye shimo. Anamimina simsim iliyokaangwa kwa kiganja, anapiga magoti, anaisukuma na jiwe dogo mbele na nyuma kwa uzito wa mabega. Kwanza inalia kama mchanga. Halafu inanyamaza, mafuta yanajitokeza, inakuwa nzito na nyeusi kidogo, na anaikusanya ukingoni kwa kidole.

Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia nina kitabu. Paul Sozigwa wa Tanzania alishautafsiri Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili zamani, miaka ya 1970, lakini sikuwa nao, kwa hiyo nilikuwa nafasiri mwenyewe papo hapo, nikikwama najiuma ulimi. Vipande vingine yeye alivijua kwa Kiacholi tangu shuleni. Nikikosea alikuwa anasema tu, "Siyo hivyo," anaendelea kusaga. Paka wa porini alimchekesha. Mahali Ocol anapokasirika kuhusu saa na dakika za mtoto kunyonya, akasema, "Huyo mume ni wa serikali." Hakuinua uso.

Nikaruka mpaka mwisho. Lawino ameshatukana, ameshalia, ameshaeleza dawa ambazo Ocol anywe apone. Halafu anamwomba mumewe kitu kimoja: amruhusu acheze ngoma mbele yake, amwonyeshe utajiri ulio ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Jiwe likasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Akakaa na jiwe dogo mkononi. Akaniuliza kile kitabu kingine kinasema nini. Nikamwambia ni cha mfungwa, cha huzuni, tukiache. Akasema nisome mwisho wake pia, kama nilivyosoma wa Lawino.

Nikafungua. Sikuwa nimegundua mpaka sekunde ile, na nilikuwa nimefundisha nyimbo zote mbili muhula mzima: Mfungwa naye anamalizia na ngoma. Anataka mlango ufunguliwe acheze, acheze ngoma zote za dunia. Acheze asahau kwa muda mfupi kwamba yeye ni fukara, aliyekataliwa na nchi yake, tawi lililovunjika la mti ulioangushwa na kimbunga cha uhuru.

Mama Sunday aliwaza kidogo. Mimi nilikuwa naona ubao wangu na ule mstari wa katikati.

"Huyu hataki mtu amwangalie," akasema. "Anataka giza. Lawino anataka aangaliwe."

"Kwa hiyo yupi ni mpweke zaidi?" Nilimwuliza kama mwalimu. Upumbavu mtupu.

Akamimina kiganja kingine cha simsim juu ya jiwe. "Baba Sunday, kuna zamu gani ya siku tisa mfululizo?"

Sikuwa na jibu, nami sikuwa nimejizoeza lolote. Nilisema nilikuwa nimelala. Akauliza nimelala siku zote tisa? Nikasema nilikuwa nimelala macho wazi. Akasaga. Ile sauti ya mchanga, halafu ikanyamaza, mafuta yakatoka. Baada ya muda mrefu akasema kwamba mwezi wa tisa Sunday aliugua malaria akalazwa usiku mmoja, na yeye alikaa kwenye benchi la zahanati na simu mkononi mpaka chaji ikaisha. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia habari hiyo. Nilifungua simu nikatafuta tarehe. Missed calls sita. Chini yake, kwa vidole vyangu mwenyewe: "Niko zamu, nitapiga."

Jioni tulikula malakwang, chachu na nzito, na yeye aliniwekea sehemu kubwa kama kawaida. Watoto walitaka kuona kitabu ambacho hakina jalada. Hatukuongea zaidi siku ile, wala kesho yake.

Januari nilirudisha vitabu nikasaini daftari. Darasani niliwaambia habari ya ngoma mbili za mwisho, na katikiro akasema hilo ni swali la mtihani kabisa, niwape waandike. Waliandika. Kijana wa rimandi hakuwepo. Kesi yake ilikuwa imeitwa wakati niko likizo, na nafasi yake kwenye benchi alikuwa ameikalia mtu mwingine aliyekuwa anauliza Clementine ni nani.

Usiku, saa tatu hivi, simu iliita. Nilikuwa nimevua viatu, nimeshalala chali. Nikapokea. Ilikuwa ni habari ya mbuzi. Ameingia tena kwa jirani, safari hii amekula mihogo mistari miwili, na jirani anadai amehesabu mashina. Nikauliza mashina mangapi. Akaanza kuniambia, kutoka upande wa mti wa shea, moja moja.